Abdulwahid Sykes: Mkuu wa Soko la Kariakoo na maana ya soko huru

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeifanya biashara kuwa halali kwa waja wake na akawaharamishia riba na dhulma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alijulikana Makka kuwa ni mfanyabiashara mwaminifu, pamoja na ahali zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, katika nchi yetu limekuwapo kwa muda mrefu neno linalotumiwa na kila mtu huku kila mmoja akilielewa kwa namna yake, nalo ni soko huria. Wapo wanaodhani kwamba soko huwa huru pale asipokuwapo msimamizi, kila mtu akauza apendacho, kwa bei apendayo na mahali apendapo. Wapo pia wanaodhani kwamba soko haliwi salama mpaka serikali ishike kila kitu, kuanzia bei ya kibaba cha mchele hadi ruhusa ya kuweka meza ya mchicha. Ijumaa hii tumeona ni vyema tulitazame jambo hili kupitia maisha ya Muislamu mmoja wa Dar es Salaam, ambaye wengi wanamjua kwa siasa zake na wachache wanaikumbuka kazi iliyomlisha. Huyo ni marehemu Abdulwahid Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa Mkuu wa Soko la Kariakoo, au Market Master kama watu wa zama zile walivyomwita.

Ukoo na malezi

Abdulwahid alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Babu yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji na kuletwa na Wajerumani mwaka 1889 katika jeshi la Hermann von Wissmann, lililokuja kupigana na Abushiri bin Salim huko Pangani na pwani yote. Baba yake, Mzee Kleist Sykes, alizaliwa Pangani mwaka 1894, akalelewa na Effendi Plantan, na katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Baada ya vita aliajiriwa katika shirika la reli, na alipostaafu akashughulika na biashara.

Mzee Kleist hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mwaka 1929 alikuwa katibu muasisi wa African Association, chama kilichowaunganisha Waafrika wa mjini bila kujali kabila wala dini. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyojenga shule ili watoto wa Kiislamu wapate elimu ya dini na ya dunia chini ya paa moja. Ofisi ya African Association ilijengwa kwa kujitolea katika mtaa wa New Street, ambao leo tunauita Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa miaka ishirini na zaidi baadaye.

Katika nyumba ya namna hiyo ndimo Abdulwahid alimokulia pamoja na wadogo zake, Ally na Abbas. Alisoma shule ya Al-Jamiatul Islamiyya, kisha Shule ya Serikali ya Kitchwele. Tangu utotoni alimwona baba yake akifanya mambo mawili ambayo watu wengi huyatenganisha: kutafuta riziki kwa jasho lake na kutumikia watu bila malipo.

Kariakoo, mji uliojengwa kwa amri

Hapana budi tueleze mahali penyewe, kwa sababu habari ya soko haieleweki bila ya kujua lilivyotokea. Watawala wa Kijerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kutumia kanuni za ujenzi. Ufukweni palikuwa pa Wazungu. Katikati palikuwa pa maduka, ambako Wahindi walikuwa wengi. Ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kutenganisha, palikuwa pa Waafrika, na huko ndiko Kariakoo. Kanuni haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitosha kusema ni nyumba ya aina gani inaruhusiwa wapi, na umaskini ukamaliza kazi iliyobaki.

Jengo la soko nalo lina historia yake. Wajerumani walijenga ukumbi mkubwa wakijitayarisha kwa maonyesho ya mwaka 1914, vita vikaingia kabla ya maonyesho kufanyika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita wasiyoianzisha, na wengi hawakurudi makwao. Ndimi za watu wa pwani zikaligeuza jina la kikosi kile likawa Kariakoo. Mwaka 1923 ukumbi ule ukafunguliwa kuwa soko, na mahali palipokuwa pa mateso ya wapagazi pakageuka kuwa mahali pa riziki za wajukuu zao.

Tunayaeleza haya ili ieleweke kwamba soko la Kariakoo halikuota lenyewe kama uyoga baada ya mvua. Lilipimwa, likajengwa, likapewa saa za kufungua na kufunga, ushuru na msimamizi. Anayefikiri kwamba kulikuwa na zama ambapo soko liliishi bila kanuni, kisha kanuni zikaja kuliharibu, bado hajaangalia vizuri. Swali la haki kuuliza tangu mwanzo ni kanuni zile zilimlinda nani na zilimfungia nani mlango.

Vitani na bandarini

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Abdulwahid alijiunga na King's African Rifles, akapelekwa Burma pamoja na vijana wengine wa Afrika Mashariki. Huko waliona kwamba risasi haichagui rangi, na kwamba yule aliyewatawala nyumbani naye huogopa na hufa. Waliporudi, nchi ilikuwa imebadilika. Chakula na nguo vilikuwa vimegawiwa kwa kipimo wakati wa vita, bei zilikuwa zimepanda, na mishahara ya watu wa mjini haikuwa imepanda pamoja nazo.

Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukaenea hadi kwa wafanyakazi wengine nchini. Kutokana nao kikaundwa chama cha makuli, na mwaka 1948 Abdulwahid akawa katibu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Bandari ilikuwa na somo kubwa kuhusu uhuru wa soko. Kwa maandishi ya sheria, kuli alikuwa huru. Hakuna aliyemfunga kamba kumleta gatini, na kama ujira haukumridhisha aliweza kwenda zake. Lakini kuli aliyeamka asubuhi bila ya senti, mkewe na watoto wakimsubiri, akakutana na kampuni inayoweza kungoja wiki nzima, hawezi kusemwa kuwa amekubaliana bei kwa hiari. Makubaliano ya wawili huwa ya hiari pale kila mmoja anapokuwa na uwezo wa kusema hapana. Chama cha wafanyakazi kilimpa kuli uwezo huo.

Mkuu wa Soko

Mzee Kleist alifariki mwaka 1949, na mzigo wa ukoo ukaangukia mabegani mwa mwanawe mkubwa. Mwaka 1950 Abdulwahid akawa katibu wa TAA, chama kilichotokana na African Association ya baba yake, Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo tunapomkuta katika ofisi ya soko la Kariakoo, mwajiriwa wa halmashauri ya mji, akiwa ndiye Mkuu wa Soko.

Kazi ya mkuu wa soko ilikuwa ya kila siku na ya kila senti. Soko lile lilipokea samaki kutoka pwani, ndizi, mihogo, nazi na mboga kutoka mashamba ya jirani, na nafaka kutoka bara. Palikuwa na meza za kugawiwa, ushuru wa kukusanywa, vipimo vya kuangaliwa, taka za kuondolewa, magomvi ya kuamuliwa. Mwenye cheo hicho anaweza kumtajirisha mtu au kumfilisi kwa neno moja tu, kwa kumpa meza ya mlangoni au ya kona ya giza. Kwa hiyo ni cheo kidogo katika daftari la serikali, na ni cheo kikubwa katika maisha ya mama anayeuza bamia.

Tuzipambanue kanuni zilizokuwapo wakati ule, maana hazikuwa za sura moja.

Zilikuwapo kanuni ambazo bila yake hapana soko. Mizani iwe ya kweli. Samaki aliyeoza asiuzwe. Aliyelipia meza asinyang'anywe na mwenye misuli. Kanuni hizi humpa mgeni ujasiri wa kununua kwa mtu asiyemjua. Mtu wa Kisarawe aliyeingia mjini na tenga lake aliweza kuuza kwa mtu wa Ilala asiye ndugu yake wala jirani yake, kwa sababu palikuwapo mtu wa tatu ambaye wote wawili wangeweza kumwendea. Hapo kanuni imeongeza uhuru.

Zilikuwapo pia kanuni zilizovaa kanzu ya huruma huku zikifunga milango. Mfano ulio wazi ni sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ya mwaka 1931. Chini ya sheria ile, mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika bidhaa hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa mkopo huo uwe umeidhinishwa na mamlaka. Maelezo yalikuwa kwamba Mwafrika analindwa asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara Mwafrika alinyimwa nyenzo ambayo biashara zote duniani husimama juu yake, yaani kuchukua mali leo na kulipa baada ya kuuza. Mwenye duka la jumla angemkopeshaje mtu ambaye sheria inasema hadaiki? Kisha watu wale wale waliotunga sheria wakashangaa kwa nini Waafrika hawana maduka makubwa, wakasema ni uvivu.

Abdulwahid alisimama kati ya kanuni za namna hizi mbili. Aliujua mlango uliofungwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyabiashara Mwafrika. Tena kila siku aliona kwamba soko lisilo na mkuu huliwa na wenye nguvu. Hakuchagua kuikimbia ofisi kwa kuwa ni ya mkoloni, wala hakuigeuza ofisi kuwa kisima cha kuchotea mali. Aliitumikia, na ndani yake akaendelea na kazi nyingine iliyokuwa kubwa zaidi.

Soko lililolea chama

Serikali ya kikoloni iliona hatari iliyokuwa inakuja. Mwaka 1953 ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na wasomi kadhaa waliokuwa nguzo za TAA walijikuta wakihamishiwa mbali na Dar es Salaam. Dk. Kyaruzi alihamishwa. Hamza Mwapachu alipelekwa Ukerewe. Katika hali hiyo Abdulwahid akabaki ameshika chama.

Mwaka 1952 alikuwa amejulishwa kwa mwalimu kijana aliyerejea kutoka masomoni Uingereza na kufundisha Pugu, Julius Kambarage Nyerere. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi uliofanyika ukumbi wa Arnautoglu mwezi Aprili 1953, Nyerere alishinda urais wa TAA na Abdulwahid akawa makamu wake. Alikuwa na kila sababu ya kidunia ya kung'ang'ania: chama kilikuwa mkononi mwake, baba yake alikuwa muasisi, mji ulikuwa wake, watu walikuwa wake. Alikubali kushindanishwa, na baada ya kushindwa hakununa wala hakujitenga. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoundwa, kadi namba moja ilikuwa ya Nyerere, namba mbili ya Ally Sykes, na namba tatu ya Abdulwahid. Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955 akiwa hana mshahara wala nyumba mjini, alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid, akala na kulala pale kama mmoja wa familia.

Soko nalo likafanya sehemu yake. Ofisi ya mkuu wa soko ikawa mahali pa kukutana wanaharakati, na wauza samaki, wachuuzi na wachukuzi wakawa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki pale Kariakoo na mmoja wa wazee wa Baraza la Wazee wa TANU, anakumbukwa kwa ukarimu wake wa kuipelekea chakula familia ya Nyerere katika siku zile za dhiki. Leo upo mtaa hapo hapo Kariakoo wenye jina lake.

Kwa nini sokoni? Jibu si gumu. Soko lilikuwa mahali pekee mjini ambapo Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema, Mshihiri na Mngazija walikutana kila siku na ikawalazimu kusikilizana. Anayeuza hawezi kumchagua mnunuzi kwa kabila lake akategemea kuishi. Watu waliozoea kuaminiana katika mizani waliona wepesi kuaminiana katika jambo la nchi.

Aliyoyaacha nyuma

Abdulwahid Sykes alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 12 Oktoba 1968, akiwa bado hajafika umri wa miaka hamsini. Maisha yake yaliandikwa kwa urefu na mwanahistoria Mohamed Said katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1998 na baadaye kikatolewa kwa Kiswahili, na bila kazi hiyo wengi wetu tusingemjua.

Hakuishi kuyaona mengi yaliyolipata soko alilolisimamia. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja kabla ya mwaka wa kifo chake, na serikali ilikuwa imeanza kuishika biashara ya jumla. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kudhibiti bei, na tume ya bei ikawa inapanga bei za bidhaa nyingi mno nchini. Mwaka 1974 likaundwa kwa sheria Shirika la Masoko ya Kariakoo, na mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lenye mapaa yanayofanana na miavuli. Jengo lilikuwa zuri, lakini miaka michache baadaye rafu za maduka zilikuwa tupu. Waliokuwa watu wazima katika miaka ile wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na kanga. Bei iliyoandikwa ilikuwa ndogo na bidhaa haikuonekana, na ile iliyoonekana iliuzwa mlango wa nyuma kwa bei nyingine. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokamatwa ni wengi, lakini sukari haikuongezeka kwa kukamatwa watu. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na maduka yakaanza kujaa tena.

Somo la miaka ile lisipotoshwe. Lililoshindwa ni jaribio la mtu aliye ofisini kujua na kuamua bei ya kila kitu kwa kila mtu. Halikushindwa wazo la kuwapo mizani ya haki.

Mafundisho tuliyonayo

Sisi Waislamu tuna bahati kwamba jambo hili halikuanzia kwetu leo. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina alikuta masoko yakiwa mikononi mwa wengine, akawawekea Waislamu soko lao mahali pa wazi. Imepokewa kwamba alielekeza soko hilo lisiwekewe kodi. Watu walipomlalamikia kwamba bei zimepanda na kumtaka apange bei, alikataa, akahofia kukutana na Mola wake huku kuna mtu anayemdai kwa dhulma ya mali. Wakati huo huo alitia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji vikali. Alikataza kuhodhi chakula ili bei ipande. Alikataza kuwaendea wenye misafara nje ya mji na kununua mali zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimpa bibi mmoja mwenye elimu, Shifaa bint Abdillah, baadhi ya mambo ya usimamizi wa soko la Madina.

Wanazuoni walioandika juu ya hisba, akiwamo Ibn Taymiyya, walieleza kwamba bei ikipanda kwa sababu bidhaa imepungua au watu wameongezeka, mtawala hana haki ya kumlazimisha muuzaji. Lakini kundi la wafanyabiashara likiteka bidhaa wanayoihitaji watu na kuiuza kwa dhulma, mtawala analazimika kuingilia kati. Kipimo kiko wazi kwa mwenye kukitafuta. Bei huachwa kwa riziki ya Mwenyezi Mungu na makubaliano ya waja. Udanganyifu, kuhodhi na kuwafungia wengine njia haviachwi.

Tukirejea Kariakoo yetu kwa kipimo hicho, mambo mengi yanaonekana. Chukua lumbesa. Mkulima wa viazi au vitunguu hujaziwa gunia mpaka juu, kisha likashonewa kilemba cha ziada, akalipwa kwa hesabu ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili mwaka hadi mwaka, lakini lumbesa imedumu. Wanaoitetea husema ni makubaliano ya watu huru. Je, mkulima ambaye viazi vyake vinaanza kuoza kando ya barabara, na kila mnunuzi anayefika anataka gunia la kilemba, anaweza kusema hapana? Ni kuli yule yule wa mwaka 1947 aliyerudi kwa sura nyingine. Na katika Qur'ani kuna sura nzima inayoanza kwa onyo kwa wapunjaji wa vipimo.

Chukua pia habari ya kodi. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia namna kodi zinavyokusanywa na utaratibu wa kusajili maghala, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuzungumza nao Mnazi Mmoja. Mwezi Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Wengi wa wale waliofunga hawakudai kwamba wasilipe kabisa. Walidai kujua mapema wanalipa nini, kwa nani, na kwa kanuni ipi. Kanuni isiyojulikana mwisho wake huwa kama mizani ambayo muuzaji anaibadilisha kila akija mteja mwingine. Tena humnufaisha mwenye kujuana na wakubwa na kumwumiza asiyejuana nao.

Na wapo wamachinga. Mwishoni mwa mwaka 2018 waliuziwa vitambulisho kwa Sh 20,000 na wakaambiwa wasibughudhiwe. Mwaka 2021 waliondolewa barabarani. Mwenye duka ana haki ya kulalamika kwamba analipa pango na leseni huku njia ya mlangoni kwake imezibwa. Mwenye meza naye ana haki ya kuuliza atakula wapi. Mkuu wa soko mwenye hekima huwapangia wote wawili mahali, akaweka mpaka unaoonekana, na mpaka huo usihame kwa simu ya mtu.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lenyewe liliungua, na riziki za mamia ya watu zikateketea. Serikali ilitenga takriban Sh bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine jirani yake. Majengo huinuliwa na fedha, lakini swali la nani anarudi kwenye meza gani na kwa pango gani halijibiwi na fedha. Hilo hujibiwa na uadilifu wa anayeshika daftari. Ndiyo maana tumemkumbuka mtu aliyewahi kulishika.

Katika nyumba zetu

Ndugu zetu katika imani, tusiseme kwamba haya ni ya serikali na wafanyabiashara wakubwa. Katika kila familia ya Kiislamu mjini hapa yupo anayeuza au anayenunua. Baba anayemfundisha mwanawe kujaza kopo la mchele mpaka likamilike, hata kama mnunuzi ni mtoto aliyetumwa, amejenga soko huru. Mama anayetandika nyanya mbichi juu na zilizopondeka chini amelibomoa, ijapokuwa hakuna askari wa jiji aliyemwona. Kadiri tunavyojisimamia wenyewe ndivyo tutakavyohitaji wasimamizi wachache. Na pale tunapomhitaji msimamizi, tumdai awe wa wote, awe na kanuni zilizoandikwa, na yeye mwenyewe asiwe na meza ya siri ndani ya soko analolisimamia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amghufirie ndugu yetu Abdulwahid bin Kleist Sykes, amrehemu yeye na wazazi wake na wazee wote wa Kariakoo waliotangulia, ayafanye makaburi yao kuwa mabustani katika mabustani ya peponi. Atupe riziki za halali, mizani za kweli na viongozi wenye kumwogopa. Amin.

Wabillahi tawfiq.